Kete ya Sitini na Nne

Tulipomaliza kumzika Mama Doto, watu wa Kalangalala, pale Geita mjini, walikula wali wao haraka, wakanawa, wakaanza kutafuta viatu. Nilikuwa nimeshasimama, mkoba begani, nikihofia kukosa basi la kurudi Shinyanga, Doto akanishika mkono. Doto ninayemsema ana miaka inayokaribia sitini sasa, mwanamke mnene mwenye sauti ya mama yake. "Karani, usiondoke," aliniambia. "Mama kaacha kitu chako. Ngoja wageni wapungue." Nikaketi tena kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai na moyo ukaanza kunienda mbio, mimi mwanamke mzima niliyestaafu, mwenye wajukuu na presha. Ni watu watatu tu waliowahi kuniita Karani kabla sijawa karani wa mtu yeyote: baba wa nyumba ile, mama wa nyumba ile, na Doto alipokuwa mtoto wa darasa la tatu. Baba alitangulia zamani. Mama ndiye huyo tuliyetoka kumfukia. Na kitu changu katika nyumba yao nilikijua kimoja tu, ambacho kwa miaka yote nilikuwa na hakika kwamba hakuna anayejua kuwa ni changu. Nilikaa pale nikiwatazama vijana wakipanga masufuria, na mwaka ule wote ukanirudia.

Ya kwetu Didia sitayaeleza. Kila anayeandika maisha yake huanza na ng'ombe wa babu yake, na mimi sina hamu hiyo. Naanzia siku niliyoshuka Shinyanga mjini na begi la turubai, cheti cha kidato cha nne, na barua ya kusema kwamba ombi langu la kazi ya ukarani serikalini limepokelewa, nisubiri kuitwa kwenye usaili. Ilikuwa miaka ya sabini. Vijijini watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, unapita mahali ulipopajua unakuta nyumba hazina paa na paka wamebaki peke yao. Msichana aliyekosa kazi mwaka ule alirudi kushika jembe katika kijiji asichokijua, na akaolewa huko na mtu asiyemjua. Hilo ndilo nililokuwa nalikimbia, na sikuwa na kitu kingine cha kukimbilia ila usaili. Mama Doto alikuwa amezaliwa kijijini kwetu, kwa hiyo alinipa chumba. Barua haikutaja tarehe. Nilidhani ni wiki mbili, nikakaa karibu mwaka.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya stesheni ya reli: vyumba vitatu vilivyopangwa mstari mmoja, ua wa mchanga uliofagiwa mara mbili kwa siku, na kwenye kona ya ua banda la bati lililofungwa kwa kufuli kubwa kuliko lile la mlango wa mbele. Chumba changu kilikuwa cha katikati, kimetenganishwa na sebule kwa ukuta usiofika juu, hivyo kila lililosemwa sebuleni lilinifikia hata nikijifunika shuka. Asubuhi tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na chai ya rangi, mchana ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, zilizoungwa kwa karanga, na siku Baba Doto akiwapo nyumbani tulipata maziwa ya mgando. Yeye alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa mabega bila kutoa sauti. Alisema ananunua ngozi. Kila mwezi alikwenda Geita, akarudi baada ya siku nne au tano, lakini ngozi hata moja sikuwahi kuiona ikiingia mlango ule. Alichorudi nacho kila mara ni ubao wake wa isolo, bao la Kisukuma, na mfuko wa kete, maana alikuwa hasafiri bila isolo, kama wengine wasivyosafiri bila biblia.

Aliyenifundisha mambo ya usaili ni Bwana Masalu, mzee aliyekuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, akawa anakuja kula kwetu kila Jumapili baada ya misa. Alikuwa na koti moja la kijivu na sauti ya kusomea hukumu. Alikaa mezani, akaniamuru nitoke nje, nibishe hodi, niingie, nisimame mpaka niambiwe kaa. Maswali ya serikali na mikoa niliyajua yote. Tatizo lilikuwa mstari mmoja katika fomu, chini kabisa, ulioandikwa "Mambo upendayo kufanya nje ya kazi", ambao mimi niliuacha wazi.

"Hapa umeandika nini?" aliniuliza Jumapili ya kwanza, kidole chake kikigonga nakala ya fomu.

"Sikuandika kitu, mzee. Kwetu ukimaliza kupalilia unachota maji. Ukimaliza kuchota maji unasaga."

Mama Doto alicheka akiwa anapakua. Bwana Masalu hakucheka. "Binti, swali la hobi si la kupitisha muda," alisema. "Mengine yote mtu anayakariri. Hapo ndipo wanapokujua wewe ni nani. Ukisema kusoma vitabu, wamesema wote. Ukisema kuimba kwaya, wamesema wote. Tafuta jambo lako. Na ukilitaja, litaje mpaka waone. Ukisema unapika, sema unapika nini, kwa kuni gani, katika chungu gani. Muongo hana mambo madogomadogo."

Maneno hayo niliyaandika kwenye daftari, na nikayatii. Mpaka leo sijui kama nimlaumu, maskini, kwa kuwa alikuwa anasema kweli.

Jambo langu nililipata bila kulitafuta. Alasiri moja ya kiangazi Baba Doto alikuwa sebuleni peke yake, ubao mbele yake, akicheza mkono wa kulia dhidi ya mkono wa kushoto. Nilisimama mlangoni na ufagio. "Unatazama nini? Kaa," aliniambia. Nikamwambia mwanamke hachezi isolo. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akauliza, "Nani amekuona?" Basi akafunga mlango wa mbele na kunifundisha: mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, jinsi ya kupanda, jinsi ya kula, jinsi ya kulinda nyumba yako huku ukimwachia mwenzako tamaa. Nilikuwa mwepesi wa hesabu. Mwezi wa pili nilimfunga, naye akacheka kwa mabega mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Huyu ni karani tayari, serikali inachelewa bure." Tangu hapo nikawa Karani. Naomba niseme waziwazi kwamba nilimpenda yule mzee. Hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa chini na mimi tukafanya jambo lisilo na faida yoyote, kwa furaha tu.

Kete zake zilikuwa mawe. Wengine hutumia mbegu, yeye alitumia mawe meupe madogo, mengine yana mishipa ya kutu, na ukiyaelekeza dirishani baadhi yalikuwa na chembe za njano ndogo kuliko mbegu za mchicha. Yalikuwa mazito mkononi kuliko nilivyotarajia. Tena hayakuzoeleka, kwa sababu kila aliporudi Geita mengi yalikuwa mapya. Nilimuuliza, akasema kete hupotea safarini, huokota nyingine njiani. Mchezo ukiisha alizihesabu zote sitini na nne, akafunga mfuko, akautundika kwenye msumari juu ya kitanda chake. Utaniuliza ilikuwaje mtu wa Shinyanga asijue anachokishika. Shinyanga tulijua almasi, tena kwa kusikia. Dhahabu niliyoijua mimi ni pete, njano yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sikuwahi kujiuliza inatoka wapi kabla ya kuwa pete. Didia tulilima pamba.

Kilichonitisha mimi kilikuwa banda. Kuna siku Mama Doto alinituma sokoni mchana, Doto akiwa shule, na nilipowahi kurudi nikasikia kitu kikitwangwa nyuma ya bati, polepole, chuma kwa chuma. Nikadhani leo tutakula ugali wa unga wa nyumbani. Jioni Mama Doto akanipa chombo niende kununua unga mashineni kama kawaida. Ilitokea tena, na tena. Siku moja mlango wa banda ulikuwa wazi kidogo, nikaona kinu cha chuma, karai lenye tope la kijivu, na Mama Doto akiinama, akilitikisa karai lile taratibu na kuchungulia ndani huku midomo yake ikicheza. Alinawa mikono mara tatu kabla ya kugusa chakula chetu. Usiku ule sikula. Mwaka huohuo, kijiji cha jirani na kwetu, bibi mmoja alikatwa mapanga akiitwa mchawi, kwa sababu ya macho mekundu tu, yaliyotokana na moshi wa samadi ya kupikia. Nilijua neno moja likitoka mdomoni mwangu kuhusu kinu na tope linaweza kuingia masikioni mwa mtu asiyefaa. Nilichukulia kwamba wanatengeneza dawa, na sikutaka kujua dawa ya nini. Nikaapa moyoni kwamba banda sitalitaja popote, nikajiona mtu mwaminifu sana.

Wageni nao waliongezeka. Mmoja alikuja kila Baba Doto akirudi safari, amevaa viatu vizuri lakini kucha zake zimepasuka na kujaa weusi usiotoka. Hakukubali chakula hata kimoja, jambo ambalo kwetu ni kama tusi. Alitaka isolo tu, na isolo hakuijua. Niliwasikia kupitia ule ukuta mfupi: kete ikinyanyuliwa, kimya kirefu, kete ikirudishwa.

"Hili zito," alisema mgeni.

"Hayo manne ni ya shimo jipya," Baba Doto alijibu. "Mengine ya kujazia."

"Kule kumeanza kuharibika. Juzi wamemshusha mtu kwenye basi pale kizuizini, wakamvua mpaka viatu."

"Wakamkuta nacho?"

"Wakamkuta."

"Amemtaja mtu?"

"Bado."

 Kisha Baba Doto akaita kwa sauti ya uchangamfu kwamba Karani alete maji ya kunywa, nami nikaingia na kikombe nikakuta wote wawili wanatazama ubao, na kete zimepangwa vibaya kabisa, tatu huku, tano kule. Mtu yeyote anayejua isolo angeona kwamba hapakuwa na mchezo pale.

Usaili uliahirishwa mara mbili. Mara ya tatu barua ilileta tarehe, na Bwana Masalu akaja Jumapili iliyotangulia na koti lake. Baba Doto alikuwa bado Geita. Mzee aliniuliza kwa mara ya mwisho ninapenda kufanya nini, nami nikakiri kwa aibu kwamba nacheza isolo. Alitua kijiko. "Msichana anayecheza isolo!" alisema. "Hiyo ndiyo! Hawatakusahau. Tena chukua kitu cha kuwaonyesha, watu wa ofisini wanapenda kushika."

"Hiyo usiitaje," Mama Doto alisema kutoka jikoni. Alisema haraka mno, na upawa ulikuwa umesimama mkononi mwake.

"Dunia imebadilika, Mama Doto."

"Ibadilike. Msichana akisema anacheza michezo ya wanaume nani atamwoa?"

Bwana Masalu alicheka, mimi nikainamisha kichwa, na Mama Doto hakusema zaidi mbele yake. Lakini jioni alikuja chumbani kwangu, akakaa kitandani, akatoa uzi mweupe na sindano ya kufumia. "Ng'wanone," aliniambia, yaani mwanangu, "wewe sema unapenda kufuma. Nitakufundisha kitambaa cha meza, kidogo tu, utakionyesha. Habari za isolo ya baba yako ziache humu ndani. Umenisikia?" Nikaitikia ndiyo mama. Tulifuma siku tatu, vidole vikiniuma, naye akifumua na kunirudishia bila kukasirika. Kitambaa changu kilipinda kama sikio la mbuzi. Nilielewa kwamba ananionea aibu, yaani anaona haya kwa ajili yangu, na nikamkasirikia kimyakimya kwa ushamba wake. Mimi, niliyeogopa kinu, sikuwaza kwamba mtu anaweza kuogopa isolo.

Baba Doto alirudi siku moja kabla ya usaili. Asubuhi yenyewe alitoka mapema kwenda stesheni, Mama Doto akaenda kutafuta maziwa, na mimi niliingia chumbani kwao, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilishusha mfuko kwenye msumari, nikachagua kete iliyo nzuri kuliko zote, yenye njano nyingi, nikaufunga mfuko na kuurudisha. Nilikusudia kuirudisha jioni. Kitambaa nacho nilikiweka kwenye mkoba, ili nisimwongopee mama wa watu moja kwa moja.

Tulikuwa wasichana tisa kwenye benchi la nje. Njia ya kuingilia ofisini ilikuwa imepangwa mawe yaliyopakwa chokaa, makubwa kwa madogo, kama ilivyokuwa desturi ya ofisi zote za serikali siku zile, na tulikaa tukiyatazama ili tusitazamane. Kisha wa kwanza akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa cha kufuma kizuri cha ajabu, chenye maua na ndege. Wa pili akatoa chake. Wa tatu chake. Nilihesabu vitambaa sita. Nikakigusa kile changu kilichopinda, nikakisukuma chini kabisa ya mkoba, na hapo ndipo nilipoamua. Naweza kukuonyesha mpaka leo mahali benchi lile lilipokuwa.

Ndani walikaa watatu nyuma ya meza: mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na bwana mmoja aliyekuwa anaandika. Wa nne alikaa peke yake karibu na dirisha, hana karatasi, hakutajwa jina. Nilijibu vizuri. Nilijua nimejibu vizuri kwa jinsi yule mama alivyokuwa anaitikia kwa kichwa. Akauliza, "Na baada ya kazi, binti, unapenda kujishughulisha na nini?" Nikasema napenda kucheza isolo. Walicheka wote watatu, kicheko kizuri cha watu waliochoka vitambaa, na mimi nikapata nguvu, nikaeleza kama nilivyofundishwa, mpaka waone. Nikaeleza mashimo na kulinda nyumba. Nikaeleza kete. Nikatoa jiwe mkobani nikaliweka mezani.

Yule wa dirishani aliinuka. Alilichukua, akalipima kiganjani, akarudi nalo kwenye mwanga. Aliuliza kwa upole sana, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Kwenu mnachezea mawe? Mengi?"

"Sitini na nne, mzee."

"Yote ya namna hii?"

"Si yote. Mazuri kama hilo ni machache. Baba mwenye nyumba huyaleta akitoka Geita. Kila mwezi huleta mapya."

"Anaishi wapi baba huyo?"

Nikamwambia. Nyuma ya stesheni, nyumba ya tatu, yenye banda la bati. Hata banda nililitaja, kama alama ya kutambulia nyumba, na kiapo changu nilikikumbuka nikiwa nimeshamaliza kusema. Yule mama mwenye miwani alikuwa ameacha kucheka. Mwenyekiti alinishukuru, akasema nitaletewa barua. Nilisimama, nikangoja jiwe langu. Yule wa dirishani hakunitazama. "Niachie kwanza," alisema. "Nami napenda mawe."

Nilitoka bila kuwaza lolote la sheria. Niliwaza hesabu. Baba Doto akihesabu usiku atapata sitini na tatu, atajua niliingia chumbani kwake. Kwa hiyo niliinama njiani, nikaokota jiwe dogo jeupe kwenye ule mstari wa mawe ya ofisi, nikalisugua kwa mate na ncha ya kitenge mpaka chokaa karibu yote ikatoka. Nilifika nyumbani kabla hawajarudi, nikalitia mfukoni mwa kete, nikatikisa, nikasikia yamechanganyika. Nilijipongeza. Ndiyo, nilijipongeza.

Alasiri hiyo Baba Doto alitaka tucheze, kusherehekea. Mama Doto alikaa mlangoni anachambua mchicha, amefurahi kwa kuwa nimerudi salama. Tulicheza mchezo wa kwanza. Katikati ya wa pili Baba Doto alisimamisha mkono. Alitazama vidole vyake: cha shahada na gumba vilikuwa na weupe. Alivisugua pamoja, akavinusa. Shinyanga nzima kwa siku zile hapakuwa na jiwe lenye chokaa isipokuwa mbele ya ofisi ya serikali, na hilo hata mtoto alilijua.

"Karani," aliniambia, bila kuinua macho. "Intavyuu ilikwendaje?"

"Vizuri, baba."

"Wakakuuliza unapenda nini?"

"Waliniuliza."

"Ukawaambia nini?"

Nimekuwa na miaka mingi ya kulitafakari swali lile. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa ananipa nafasi, na yeye mwenyewe alikuwa anajitafutia nafasi, kwa sababu treni ya Mwanza ilikuwa inapita jioni ile na angeweza kuwa ndani yake. Kosa la ofisini nililifanya bila kujua, na kwa hilo nimejisamehe. Lakini pale sebuleni niliona uso wake. Niliona kwamba kuna jambo kubwa, hata kama sikujua ni lipi, na niliogopa asinipende tena.

"Niliwaambia napenda kufuma," nikasema.

Mama Doto alishusha pumzi mlangoni. "Unaona?" alimwambia mumewe. "Nilikwambia ni mtoto mwenye kusikia." Baba Doto aliendelea kutazama vidole vyake kitambo. Kisha akavifuta kwenye suruali, akatabasamu, akasema, "Zamu yako." Nilimfunga mchezo ule. Nadhani aliniachia.

Walikuja siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana, watu watano. Walibisha hodi vizuri na Mama Doto akawakaribisha ugali, bila kumjua aliyesimama nyuma yao, ambaye mimi nilimtambua: yule wa dirishani. Yeye hakuonyesha kunifahamu. Walivunja kufuli la banda, wakatoa kinu, wakatoa karai. Walimwaga mfuko wa kete juu ya meza, katikati ya sahani zetu, wakaanza kuchambua, hili huku, hili kule, na mmoja akawa ananusa na kulamba. Doto alikuwa amerudi kutoka shule na alisimama na daftari kifuani. Baba Doto alivaa viatu vyake taratibu. Alipopita mbele yangu alisimama kidogo, nikadhani atanitemea mate. Aliniwekea mkono kichwani, kama baba anavyofanya, akatoka. Sikulia. Nilikuwa nimeganda nikitazama mchuzi wa nsansa uliomwagika kuzunguka mawe.

Barua yangu ilikuja wiki iliyofuata: nimechaguliwa, nianze kazi masjala. Nilitaka kuificha, lakini Doto ndiye aliyeipokea, akaisoma kwa sauti. Mama Doto alikuwa ametoka kumpelekea mumewe chakula mahabusu, bado amejifunga kanga kiunoni. Alinishika mabega, akanitazama usoni muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa kumpongeza mtu. "Hongera, ng'wanone," alisema. "Wamekupendea kufuma kwako." Kisha akaenda kuwasha moto, akanipikia.

Baba Doto alifungwa miaka kadhaa kwa magendo ya dhahabu, akarudi na kifua kibovu, wakahamia Geita, na hakukaa sana akafariki. Mama Doto alipika chakula akauza pale Kalangalala na kumsomesha mwanawe. Mimi nilitunza mafaili ya serikali mpaka nywele zikawa nyeupe, na wakubwa wangu walinisifu kwa kutunza siri. Kila mwaka nilimtembelea, nikampelekea sukari na kitenge, naye hakuacha kunipakulia kwanza kabla ya wageni wengine na kuniita Karani. Isolo sikuicheza tena. Nilikuwa najiambia kwamba hajui, kwamba aliyejua amekufa, na nilikuwa nakula chakula chake kwa raha. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, ile raha.

Wageni walipopungua Doto alitoka ndani na fundo la kitambaa, akalifungua mbele yangu. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha kufuma, kimepinda upande mmoja kama sikio la mbuzi, na sikumbuki nilikiacha wapi. Ndani yake kulikuwa na jiwe dogo la kawaida, na kwenye kijishimo chake kimoja chokaa ilikuwa bado ipo.

"Siku ile walipochambua kete, hili walilitupa chini," Doto alisema. "Wakasema ni jiwe tu. Mama aliliokota jioni wakati anafagia. Limekaa kabatini na vyeti vyetu miaka yote hii. Aliniambia, Karani akija kunizika umpe jiwe lake. Nikamuuliza, la nini? Akasema, atakueleza mwenyewe."

Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akangoja. Alikuwa na macho ya baba yake, sikuwahi kuliona hilo. Kule stendi basi la Shinyanga lilikuwa linapiga honi. Niliweka mkoba chini.

"Doto," nilimwambia, "kwenye intavyuu mimi sikusema ninapenda kufuma."